Pedeli ya breki laini kwenye Canter ya zamani: usinunue kitu kabla hujajua ugonjwa

Mkuu uliyeuliza kuhusu Canter, nimesoma maelezo yako mara mbili. Unasema mkanyago wa kwanza pedeli inaenda chini sana, ukipampu mara mbili inapanda na gari inashika. Masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, umeshabadilisha, upepo kwenye mabomba umetoa mara tatu, na sasa fundi anakuambia ununue busta, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu. Usinunue. Nilipita njia hiyohiyo, busta nikanunua, na pedeli ikabaki vilevile. Pesa ile sikuirudisha.

Nimebeba kabichi, karoti na viazi kutoka Lushoto kwenda masoko ya Dar kwa miaka mingi, zote kwa Canter za mtumba. Anayeijua barabara ya Lushoto kwenda Mombo anajua ninachosema. Ni kilomita 30 na ushee, unapita Soni, mlima upande mmoja na korongo upande mwingine, na kufika chini umeshuka karibu mita 1,000. Huko huwezi kuendesha na breki ya "inashika shika". Kwa hiyo nitaandika kwa kirefu, maana naona watu wengi wanaishi na pedeli laini kana kwamba ni tabia ya gari kuukuu. Si tabia. Gari ya miaka 30 ikitengenezwa vizuri pedeli yake inasimama juu na inakaa hapo.

Kwanza tuelewane: nazungumzia breki za mafuta, yaani Canter, Dyna, Elf na ndugu zao. Kwenye malori makubwa yenye breki za upepo, upepo ndiye mfanyakazi. Kwetu sisi upepo ni adui. Mafuta hayabonyezeki, ndiyo maana ukikanyaga nguvu yote inafika tairini. Kipovu kidogo tu kikiingia kwenye bomba, mguu wako unakibonyeza hicho kipovu kabla haujasukuma kitu kingine.

Sasa, neno "laini" linaficha magonjwa tofauti, na hapa ndipo mafundi wengi wanapotupoteza. Unafika gereji unasema breki laini, fundi anajibu "tutoe upepo". Hakuulizi laini ya namna gani. Mimi siku hizi nakaa kwenye kiti, nazima injini, nakanyaga taratibu nikiwa nimevua kiatu, na nauliza mguu.

Pedeli ikinesa kama umekanyaga mpira wa miguu, na hata baada ya kupampu bado inanesa ingawa imepanda, huo ni upepo, au hozi ya mpira ya breki iliyozeeka inayovimba. Pedeli ikienda mbali kisha ikapanda kwa kupampu na ikawa ngumu kama jiwe, viatu vya breki, vile vipande vinavyosugua, viko mbali na dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi. Ukishikilia mguu kwa uzito uleule kwa dakika nzima na pedeli ikawa inazama polepole kuelekea sakafuni, mafuta yanatoroka: ama nje, ambapo utaona unyevu kwenye tairi au kwenye viungo vya bomba, ama ndani ya masta silinda, ambapo raba zimechoka na mafuta yanarudi nyuma bila kumwagika hata tone. Na pedeli ikiwa nzuri asubuhi, ikazama katikati ya mteremko, kisha ikarudi nzuri ikipoa, hayo ni mafuta ya breki yaliyochemka. Hili la mwisho nitalirudia, kwa sababu lilikaribia kuniua.

Kuna pia jambo linalowatisha watu bure. Ukipampu injini ikiwa imezimwa hadi pedeli iwe ngumu, ukaendelea kuikanyaga na kuwasha injini, itashuka kidogo. Hiyo ni busta inaanza kukusaidia, ndivyo inavyotakiwa. Isiposhuka kabisa ndipo uangalie busta, mipira yake, na ile pampu ya vakyumu iliyo mgongoni mwa oltaneta. Lakini busta mbovu hukupa pedeli ngumu, gari haisimami hata ukikanyaga kwa miguu miwili. Ya kwako si ngumu. Ndiyo maana nasema fundi wako anakupeleka siko.

Ya kwako inapanda kwa kupampu. Sababu yake ni rahisi. Masta silinda kwa mkanyago mmoja inasukuma mafuta kiasi kilekile kila siku. Kama viatu viko mbali na dramu, mafuta yote yanaishia kuvisafirisha viatu, na pedeli imeshafika chini kabla havijagusa. Ukiachia na kukanyaga tena haraka, viatu havijawahi kurudi nyumbani, mafuta mengine yameongezeka nyuma yao, basi mkanyago wa pili unawakuta njiani. Hapo hata ubadilishe masta silinda kumi, bado zitasukuma kiasi kilekile.

Kipimo nilichofundishwa na mzee mmoja fundi wa Korogwe ndicho kilichonitoa gizani, na nakuomba ukifanye kabla ya kufungua pochi. Inua kila tairi, ingiza bisibisi bapa kwenye kile kitundu cha nyuma ya dramu, kaza ajasta za viatu vyote, zile gia ndogo zinazovisogeza karibu na dramu, hadi tairi ligome kuzunguka kabisa. Magurudumu yote manne, usiache hata ajasta moja, na kumbuka kuna Canter zenye mbili kwa gurudumu. Kisha kanyaga. Pedeli ikisimama juu na kuwa ngumu, mfumo wako wa mafuta ni mzima, shida iko kwenye viatu, dramu au ajasta. Ikibaki laini hata viatu vikiwa vimebana, basi ni upepo, mipira au masta silinda, na hapo ndipo unaposhika mabomba. Kazi ya saa mbili, haigharimu hata shilingi, inakuambia nusu gani ya gari uiache.

Naomba usome hili kabla hujaweka jeki. Canter nyingi za zamani breki ya mkono haishiki matairi, inashika propela shafti, ile inayopeleka nguvu ekseli ya nyuma, kwa dramu ndogo nyuma ya giaboksi. Ukiinua tairi moja la nyuma, difu inaliruhusu hilo lililo hewani lizunguke na lile la chini liviringike, na gari inaondoka ingawa umevuta breki ya mkono hadi mwisho. Nimeona gari ikimshukia kijana aliyekuwa chini yake. Mungu alimsaidia akatoka na mkono uliovunjika tu. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi yaliyo chini, tumia stendi, na fanya kazi mahali tambarare. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake.

Yangu ilikuwa hivi. Mwaka 2014 nilifanya breki zote: wili silinda mpya, zile za kwenye magurudumu zinazosukuma viatu, viatu vipya, masta silinda mpya. Gari ikatoka gereji na pedeli mbaya kuliko ilivyoingia. Wakatoa upepo. Wakatoa tena. Ndipo busta ikanunuliwa. Nilipompelekea yule mzee, alikaza viatu vyote, akanikalisha nikanyage. Ilipanda kidogo lakini inanesa. Akasema, "Una mawili, mwanangu. Tuanze na upepo."

Akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele kushoto, akacheka kidogo, akaniita nione. Kwenye gari ile kila gurudumu la mbele lina wili silinda mbili, moja juu na moja chini, zimeunganishwa kwa kibomba kifupi. Niple ya kutolea upepo inatakiwa iwe kwenye ile ya juu, sehemu ya juu kabisa, kwa sababu upepo hupanda. Fundi wa mwanzo alikuwa ameziweka ovyo, niple ikawa chini. Kila wakitoa upepo, mafuta yanatoka safi kwa chini, povu limekaa zake juu linawatazama. Wangeweza kutoa upepo mpaka Krismasi. Zilipofunguliwa na kufungwa mahali pake, mikanyago sita ilitosha.

La pili ndilo lililonifundisha zaidi. Kunesa kukaisha, lakini pedeli ikabaki chini kuliko ninavyotaka. Mzee akavua dramu na kupaka chaki ndani, akarudisha, akazungusha na kukanyaga kidogo, akavua tena. Kiatu kipya kilikuwa na chaki katikati tu, ncha zake mbili kavu. Dramu zilikuwa zimeshachongwa huko nyuma, duara limekua, na viatu vipya vimetengenezwa kwa duara la awali. Kiatu kinagusa katikati, ukiongeza mguu kinajipinda kutafuta ncha, na huko kujipinda ndiko unakokusikia mguuni kama ulaini. Hakuna chupa ya mafuta itakayoponya hilo. Alivisugua viatu kwa msasa vikalingana na dramu. Dramu moja ilikuwa imepita kipimo cha mwisho, kile kilichogongwa kwenye chuma chenyewe, akaikataa. Angalia namba hiyo kwenye dramu zako. Dramu iliyopita kipimo ni nyembamba, inapata moto haraka na inaweza kupasuka, na fundi wa kuchonga vyuma atakuchongea tu ukimpa, kwake ni kazi.

Baada ya hapo ndipo ajasta: unakaza hadi tairi ligome, unarudisha meno machache hadi lizunguke kwa kukwaruza kidogo sana, unakanyaga breki mara mbili tatu viatu vikae, unarekebisha tena. Bearing za mbele nazo zikague kabla, kwa sababu dramu inayocheza inakudanganya kipimo.

Kama kwako pedeli itakataa hata viatu vikibana, rudi kwenye masta silinda uliyoiweka, ingawa ni mpya. Iliwekwa kavu? Masta silinda mpya ijazwe mafuta na kutolewa upepo kwanza ikiwa mezani, imebanwa kwenye jiliwa, vibomba viwili vikirudisha mafuta kwenye kitanki chake, unasukuma pistoni taratibu hadi povu liishe. Ukiifunga kavu garini, upepo unabaki puani mwake na hautashuka kirahisi hadi tairi la nyuma. Halafu angalia nafasi kati ya kile kijiti cha kusukumia na pistoni. Iwepo kidogo sana. Ikiwa kubwa, mguu unapoteza safari bure. Isipokuwepo kabisa, mafuta hayarudi kwenye kitanki na breki zitabaki zimeshika hadi dramu zitoe moshi.

Mipira, zile hozi zinazokwenda magurudumu ya mbele na ekseli ya nyuma, mwache mtu akanyage kwa nguvu wewe ukizishika kwa mkono. Ikivimba mkononi kama koo la chura, itoe. Na kama mafuta yanapungua kwenye kitanki lakini hakuna pa kuvuja, chunguza nyuma ya masta silinda pale inapokutana na busta. Raba ya nyuma ikifa, mafuta yanaingia ndani ya busta, injini inayavuta na kuyachoma, na wewe unabaki kuongeza kila wiki bila kujua yanakokwenda.

Kuhusu kutoa upepo kwenyewe, utingo wangu na mimi tumeshazoeana hadi hatuhitaji kuangaliana. Tunaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, kwa gari zetu za usukani kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Mpira mweupe unaovalishwa kwenye niple unaingia kwenye chupa yenye mafuta kidogo, ncha yake imezama. Yeye anakanyaga taratibu na kushikilia, mimi nafungua niple, pedeli inashuka, nafunga, ndipo nasema "achia". Si kabla. Akiachia niple ikiwa wazi, umevuta upepo upya. Kitanki kisishuke chini ya nusu. Na chini ya pedeli naweka kipande cha ubao, hasa masta silinda ikiwa ya zamani, kwa sababu kila siku pistoni inatembea sehemu ileile, na ile sehemu ya mbele ambayo haijawahi kufika imeota kutu na uchafu. Ukikanyaga hadi sakafuni raba zinapita juu ya kutu hiyo na kuchanika. Ndiyo maana mtu anasema "masta silinda ilikuwa nzima mpaka tulipotoa upepo". Ni kweli kabisa, waliiua wao.

Kwa wenye Hilux na gari nyingine zenye ile vali ya mzigo juu ya ekseli ya nyuma: msitoe upepo wa nyuma ekseli ikiwa inaning'inia. Vali inadhani gari ni tupu na inabana njia. Matairi yawe chini.

Sasa usiku wangu wa Soni. Ilikuwa masika ya 2016, nimejaza kabichi hadi juu ya bodi, tumechelewa kupakia na soko la alfajiri linatusubiri. Nilishuka haraka kuliko kawaida yangu, gia ya nne, mguu kwenye breki muda mrefu. Baada ya Soni, kwenye kona moja ya kulia, nikakanyaga na pedeli ikaenda hadi chini bila kitu. Nikapampu, kidogo ikajibu, kisha ikafa tena. Utingo akanyamaza kimya. Nilivuta breki ya eksozi, ile inayoziba moshi ili injini iizuie gari, nikaingiza gia ya tatu kwa nguvu hadi injini ikalia, kisha ya pili, na nikailaza gari kwenye ukuta wa mlima upande wa kushoto. Ilikwaruza bodi yote, ikasimama kwenye mtaro. Tukashuka, dramu zinanuka. Nilikaa chini barabarani nikashindwa kusimama kwa muda.

Asubuhi pedeli ilikuwa nzuri kabisa. Fundi aliyekuja hakuona kitu, akasema labda niliogopa tu. Sikuogopa. Mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani, taratibu, mwaka hadi mwaka, hata kama hayajapungua. DOT 3 na DOT 4 ni madaraja ya mafuta ya breki. DOT 3 ikiwa mpya haichemki hadi angalau nyuzijoto 205. Ikishakunywa maji asilimia 3.7 tu, kiwango chake cha chini ni 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji kiasi hicho. Dramu zikipata moto mteremkoni, joto linafika kwenye wili silinda, yale mafuta yenye maji yanachemka na kugeuka mvuke, na mvuke unabonyezeka kama upepo. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa mafuta na ushahidi umepotea. Yangu yalikuwa hayajabadilishwa kwa miaka, nilikuwa naongeza tu juu. Nilipoyatoa yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Tangu siku hiyo nabadilisha mafuta yote ya breki kila mwaka kabla ya masika, na mteremko nashuka kwa gia ileile ambayo ningepandia, breki ya eksozi imevutwa, mguu nakanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi na kuachia dramu zipumue. Nyutro mteremkoni sitaki hata kuisikia. Dizeli unayookoa pale haitoshi kununua hata sanda.

Chupa ya mafuta iliyofunguliwa miezi mingi na kukaa kwenye buti, imwage. Na ukifungua kitanki ukakuta ile raba ya kifuniko imevimba na kujikunja, jua kuna mtu alimwaga oili ya giaboksi au ya haidroliki humo. Oili ya madini inavimbisha raba zote, kuanzia masta silinda hadi gurudumu la mwisho. Hapo hakuna njia ya mkato: raba zote na mipira yote vinabadilishwa, mabomba yanasafishwa kwa spiriti. Vilevile DOT 5, ile ya silikoni, haichanganyiki na DOT 3 au DOT 4, hata kama muuzaji anasema namba kubwa ndiyo bora.

Kwa hiyo mkuu, gari yako isipakie leo wala kesho. Kaza viatu vyote kama nilivyoeleza, kanyaga, kisha rudi uniambie pedeli imesimama au imenesa. Piga na picha ya kila gurudumu kwa nyuma, karibu, nione niple imekaa juu au chini, na unisomee namba iliyogongwa kwenye dramu. Ukimaliza kutengeneza, ijaribu kwanza ikiwa tupu, uwanjani, mwendo wa mtu anayekimbia, kisha zunguka kilomita chache na usogeze kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa: yenye moto kuliko wenzake inabana, iliyo baridi haifanyi kazi. Nitakuwa njiani kuanzia saa nane usiku, lakini Mombo nasimama kunywa chai na simu nitakuwa nayo.